Mapazia ya Mke wa Mwanangu

Binti mmoja wa viatu vya kisigino alikuja hapa kwangu akaniambia niandike maisha ya mke wa mwanangu, tena kwa ufupi. Nikamwambia, mwanangu, mtu si kamba, huwezi kumkata unapotaka. Akacheka, akaniachia karatasi na kalamu, akaenda zake. Kwa nini asimuulize mwenyewe? Alimuuliza. Mwenyewe akamjibu kwamba ana kazi za watu, akaendelea kuendesha cherehani. Basi mzigo ukaniangukia mimi, mwenye macho ya kuazima na mwandiko ambao hata kuku akiuona atajisifu. Kusoma nilijifunza ukubwani, na sioni haya. Ila kuandika kunaniuma vidole, na habari yenyewe si ya kuchekea. Nitaandika mara moja tu. Atakayekuja kuniuliza tena atakuta mlango umefungwa.

Mke wa mwanangu ni mshona mapazia. Siku anaolewa, cherehani iliingia nyumbani kabla yake, imebebwa na wanaume wawili wanaotokwa jasho. Nikamuuliza mwanangu, wewe umeoa mke au umeoa fundi? Akanijibu kwamba ameoa wote wawili kwa mahari moja, nimshukuru. Mwanangu ni fundi wa malori, maneno yake machache, na mengi kati ya hayo machache ni ya mzaha.

Yule mwanamke ni mwembamba, sauti nene, na hajui kunyamaza jambo likimkera. Tumegombana kwa chumvi, tumegombana kwa kamba ya kuanikia nguo, tumegombana kwa redio. Kwa uongo hatujawahi kugombana, maana yeye hajui kudanganya na mimi sijazoea kudanganywa. Cherehani yake aliiweka chumba cha mbele, kinachotazama barabara, na hapo amekaa tangu siku hiyo.

Mwaka ule ule alipata kitambaa kizito cha rangi ya dhahabu, upande mmoja kinang'aa kama sufuria mpya, upande wa pili kina bitana. Akatushonea pazia la chumba cha mbele. Watu wakipita barabarani wanasimama, wanauliza. Mtaa wetu ni kama kondoo: mmoja akiruka mtaro, wote wanaruka, hata pasipo na mtaro. Haukupita muda mrefu, kila dirisha lilikuwa na pazia la dhahabu, na asiyekuwa nalo alijiona yuko uchi.

Jua la mchana hupiga upande wetu wa barabara. Likipiga pazia lile, chumba kizima kinakuwa kama ndani ya chupa ya asali. Ukuta wa chokaa unakuwa wa dhahabu, shuka nyeupe linakuwa la dhahabu, hata maziwa kwenye kikombe. Tuliona ni raha. Na waliozipenda zaidi raha hizo ni wanawake waliotoka kujifungua. Mzazi anataka kupumzika, hataki vumbi, hataki makelele, hataki macho ya kila mpita njia. Anavuta pazia, analala na kichanga chake mle ndani ya asali.

Mke wa mwanangu naye akajifungua. Mtoto wa kiume, mzito, mwenye kilio cha kupasua kikombe. Kisha kilio kikapungua. Mtoto akawa analala sana, ananyonya kidogo, anarudi kulala. Majirani wakija kupongeza wanasema, hongera, umepata mtoto mtulivu. Na sisi tukaitikia, ndiyo, mtulivu kweli, hasumbui.

Halafu kilio kikarudi, lakini hakikuwa kile. Kilikuwa chembamba, cha juu, kama bawaba kavu ya mlango. Mgongo ukajipinda kwa nyuma kama upinde. Tukamkimbiza hospitali, na kule wakampigania mpaka akabaki na uhai. Tulirudi naye, tukamshukuru Mungu, tukangoja akaze shingo. Shingo haikukaza. Tukangoja akae. Hakukaa. Hospitali wakatuambia ni mtindio wa ubongo: ubongo umeumia ungali mchanga, na amri zinazokwenda mwilini zinafika zimevurugika.

Leo wenzake wako shule. Sisi tunamwita Bwana Mkubwa, kwa sababu hatembei bali anabebwa, hali mpaka awe ameketishwa kwenye kiti chake, na akikasirika nyumba nzima inasimama. Mikono yake inacheza ngoma ambayo hakuichagua. Maneno hayamtoki, masikio yanasikia kwa mbali, lakini akili ni ya wakili. Nikijikwaa mimi, wa kwanza kucheka ni yeye.

Na hakuwa peke yake, jambo lililoanza kutisha ni hilo. Kulikuwa na binti wa mwoka mikate, chini kidogo ya kwetu. Kulikuwa na mmoja wa mapacha wa kinyozi. Kulikuwa na wengine, wanaoletwa nje jua likishapoa na kurudishwa ndani kabla watu hawajawa wengi barabarani. Hakuna aliyesema kitu waziwazi. Lakini mwenye nyumba wa pale kona alihama na familia yake bila kuaga, akaacha hata kitanda. Wapangaji wakija kutafuta chumba wanauliza kwanza, ni ule mtaa? Wasichana wakishika mimba wanakwenda kukaa kwa ndugu zao mbali. Ukipita jioni unawakuta watu wamekaa vibarazani wanaongea, wanakuona, wanakatiza.

Hapo ndipo tukasikia serikali imetoa fungu la utafiti wa mtindio wa ubongo kwa watoto, na kwamba hospitali yetu imepewa chumba, mashine na daktari. Mimi sikushangilia. Serikali ikikujia mpaka nyumbani, ama inataka kura ama inataka kiwanja. Lakini daktari aliyekuja alikuwa mwanamke mrefu, sauti ya kukwaruza, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikampa kiti kizuri.

Aliuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza. Si nani alimtazama mtoto kwa jicho baya, maana hayo tuliulizwa sana. Aliuliza mtoto alianza kunyamaza lini. Alikuwa analazwa wapi. Tukampeleka chumbani. Ilikuwa mchana, pazia limefungwa. Akasimama katikati ya chumba, akainama kulitazama koti lake jeupe. Lilikuwa la dhahabu. Akanyoosha kiganja, kikawa cha dhahabu. Akavuta pazia kidogo, akatazama kiganja. Akalirudisha, akatazama tena.

Nyuma yake alisimama mke wa mwanangu, Bwana Mkubwa kiunoni. Nilimwona akilitazama koti lile. Hakuuliza chochote. Mtu wa vitambaa haelezwi rangi. Alinipakatisha mtoto, akatoka, na mara nikasikia cherehani inakimbia chumba cha mbele. Nilipokwenda kuchungulia, haikuwa na kitambaa. Sindano ilikuwa inapiga hewa, naye anaendesha tu, uso umekauka.

Daktari alikaa na mimi akanieleza taratibu. Vichanga wengi hugeuka manjano siku za mwanzo, na kwa wengi wao yanaondoka yenyewe. Lakini kwa wengine yanapanda. Yanaanza machoni, yanakuja kifuani, tumboni, mpaka kwenye nyayo, na yakizidi mno yanaingia kwenye ubongo. Dawa yake ni taa za buluu hospitalini, na zinaponya vizuri, mradi kuna mtu ameyaona mapema. Nikamuuliza, kwa hiyo pazia ndilo lililomuumiza mjukuu wangu? Akasema, "Pazia halimpi mtoto ugonjwa, mama. Linamficha tu." Na akaongeza kwamba si lazima watoto wote wa mtaa huu iwe ni sababu hiyo moja. Ndiyo maana wanatafiti, wasije wakasema jambo kwa kubahatisha.

Siku ile ile mke wa mwanangu aliyashusha mapazia yetu yote akayafanya matambara ya kupigia deki. Kisha akaanza nyumba kwa nyumba. Hebu fikiria: fundi aliyekuuzia pazia na kulisifu anasimama mlangoni mwako anataka ulitoe. Walimwambia, jana ulituvisha, leo unatuvua? Mmoja akamwambia, wewe siku ukianza kushona suruali tutakoma. Yeye hakucheka na hakuondoka.

Daktari akamwajiri, yeye na akina mama wengine wachache wa mitaa ya jirani. Akawafundisha, akawapa kila mmoja kitambulisho cha kuvaa shingoni na kimashine kidogo kama tochi, unakibandika kwenye paji la uso la mtoto kinakupa namba ya kiasi cha manjano. Kazi yake ilikuwa kuzungukia nyumba zenye vichanga, kumleta mtoto dirishani na kumtazama kwenye mwanga wa kweli. Alikuwa akiingia nyumba ya watu anasema "fungua pazia" kabla hajasalimia. Mtaa mzima ukaanza kumwita Fungua Pazia. Nikamkanya, nikamwambia huna adabu, watu husalimiwa kwanza. Akanijibu, "Salamu itasubiri, mama. Manjano hayasubiri."

Na aliyapata. Watoto kadhaa walikwenda kwenye taa na kurudi, na leo wanakimbia mtaani wanavunja vitu. Mmoja amenivunjia kioo cha dirisha. Mama yake alipokuja kuomba radhi alisema kama si mkwe wangu mtoto yule asingekuwa na mguu wa kurushia mpira. Sikujua nimdai kioo au nimpe mkono wa pongezi.

Kisha fungu likakauka.

Tuliambiwa lilikuwa la kipindi maalumu, na kipindi kimekwisha, na jipya linajadiliwa. Hilo neno kujadiliwa nimelisikia tangu ningali msichana. Daraja letu lilijadiliwa mpaka mto ukahama. Daktari akaitwa makao makuu kwenda kulitetea fungu lake, na hakurudi. Chumba cha utafiti kikafungwa. Vimashine vikatakiwa virudishwe, na mke wa mwanangu akakirudisha chake amekifunga kwa kitambaa kama amebeba kichanga. Daktari alimpigia simu akamwambia taa za wodini bado zipo, kwa hiyo akiona mtoto wa manjano au asiyetaka kunyonya, asingoje mtu, ampeleke.

Lakini ampeleke vipi, ikiwa hafunguliwi mlango? Bila kile kitambulisho cha shingoni, akawa tena mshona mapazia tu. Tena mwenye mtoto kilema, maana neno hilo nalo lilirudi mara moja, kama lilikuwa limejificha nyuma ya mlango likingoja. Alizunguka bado, kwa kidole chake na mwanga wa jua, akibonyeza ngozi na kutazama rangi inayorudi. Nyumba zilizomfungulia zilipungua. Mapazia ya dhahabu yakaanza kuonekana tena madirishani, moja hapa, moja pale.

Ni wakati huo ndipo kitindamimba wangu alipojifungua. Mume wake anafanya kazi za barabara, mbali, kwa hiyo alikuja kuzalia kwangu, nikampa chumba cha nyuma, kinachogusana ukuta na cha mbele, mlango na dirisha vikitazama uwani palipo na jua. Binti huyu amerithi kiburi changu chote bila kurithi sababu zake. Alijifungua mtoto wa kike hospitali, akarudi kesho yake, akatundika mapazia yake ya harusi. Ndiyo hayo hayo, ya dhahabu. Alishonewa na wifi yake kwa zawadi, na kwa sababu ilikuwa zawadi, bitana yake ilikuwa nene kuliko zote.

Akaniita, akafunga mlango, akasema, "Mama, wifi nampenda. Lakini mikono inayombeba Bwana Mkubwa isimguse mwanangu."

Nikamuuliza anaogopa nini hasa.

"Sijui. Ndiyo maana naogopa."

Kuta zetu ni nyembamba. Chumba cha mbele cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Mke wa mwanangu alipika siku ile kama kawaida, akampelekea wifi yake sahani mpaka mlangoni, akaiweka chini, akaondoka. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Hakuuliza mtoto yukoje. Ila nilimwona akishona, anasimamisha cherehani katikati ya mshono, anainua kichwa, anasikiliza. Mtoto akilia, anaendelea kushona. Kilio cha mtoto ndicho kilichokuwa kinaendesha cherehani ile.

Kisha nikaanza kuona vituo vya cherehani vinakuwa virefu.

Nikamletea binti yangu uji. Nikamkuta ameegemea mto, uso umetulia, mtoto kifuani amelala. Akaniambia kwa furaha, "Mwanangu mtulivu, mama. Ananipumzisha."

Nikaweka kikombe chini, nikamwinamia mtoto. Alikuwa wa dhahabu. Mama yake alikuwa wa dhahabu, mto ulikuwa wa dhahabu, na mkono wangu mwenyewe niliomshika nao ulikuwa wa dhahabu. Ningejuaje? Nikamwambia afungue pazia. Akakataa. Mwanga utamuumiza macho mtoto, upepo utamwingia, halafu, akasema, wifi yake ameshanijaza maneno. Ningeweza kulivuta kwa nguvu, mimi ni mama yake na nyumba ni yangu. Lakini yule mtoto wangu namjua. Ningelivuta kwa nguvu, angefunga mlango kwa ndani, na hapo tusingeona hata hiyo dhahabu.

Nilirudi chumba cha mbele. Mke wa mwanangu alikuwa ameacha kazi, sikio limebandikwa ukutani.

"Hajalia tangu asubuhi, mama."

Nikasema labda amelala.

"Bwana Mkubwa naye alilala."

Akamnyanyua mtoto wake kutoka kwenye kiti, akamweka kiunoni, akavuka uwa. Nami nyuma yake na magoti yangu haya. Nilidhani ataingia kwa kishindo, nikajiandaa kwa ugomvi. Hakuingia. Alikaa chini kwenye kizingiti, nje ya mlango, akampakata Bwana Mkubwa. Mikono ya mtoto ikawa inacheza, mmoja unagonga fremu ya mlango, polepole, kama mtu anayebisha hodi.

Kutoka ndani binti yangu akasema, "Wifi, tafadhali."

"Siingii, wifi. Niko nje. Nisikilize tu, halafu nitaondoka. Huyu naye alikuwa mtulivu. Nilimsifu kwa watu. Siku zile nililala usingizi mtamu ambao sijawahi kuupata tena. Hilo pazia nimelishona mimi, najua linafanya nini. Sitaligusa. Fungua wewe mwenyewe, mtazame wewe mwenyewe. Macho, fizi, tumbo, nyayo. Ukimkuta yuko sawa, nitarudi kwenye cherehani yangu, na usinisemeshe tena maisha yako yote."

Bwana Mkubwa alikuwa anagonga fremu. Nikasikia kitanda kinalia, mtu anainuka. Kisha pete za pazia zikakwaruza kwenye fimbo, na mwanga ukatoka chini ya mlango, mweupe.

Nilingoja anitukane, au amtukane wifi yake, au acheke. Hakufanya lolote. Kimya kile nilikijua. Ni cha mtu anayetazama kitu kwa mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza hakuyaamini macho yake.

"Mama," akasema. Alisema kama alivyokuwa anasema akiwa mdogo, anapoota ndoto mbaya. "Mama, nyayo zake."

Alishindwa hata kujifunga nguo. Mtoto akampa wifi yake ambebe. Hakuna aliyemwambia ampe. Wakaondoka mbio wote wawili, na mimi nikabaki uwani na Bwana Mkubwa, ambaye siku hiyo hakucheka, alitazama mlango walikopita.

Nilikwenda hospitali kesho yake, mwanangu aliporudi kutoka kwenye malori yake kushika nyumba. Sijui kama umewahi kuona kichanga chini ya taa zile. Wamemfunga macho kwa kitambaa, yuko uchi na nepi tu, na ule mwanga wa buluu unamfanya aonekane kama mtu aliyetolewa majini amechelewa. Binti yangu na wifi yake walikuwa wamekaa benchi moja, wamejifunika shuka moja. Daktari wa wodi, kijana mpole, aliniambia manjano yanashuka vizuri. Nikamuuliza, basi amepona?

"Manjano yanashuka, mama. Kama tumewahi au tumechelewa, hilo bado."

Nikauliza ni nani anayejua.

"Mtoto mwenyewe. Atatuambia. Lakini atatuambia polepole."

Wakati wa kutoka nilipita mbele ya chumba cha utafiti. Mlango una kufuli, kufuli limeanza kutu. Kupitia kioo niliona vile viti vidogo vimepandishwa juu ya meza, miguu juu, vumbi limevikalia.

Sasa mtoto yuko nyumbani. Ananyonya, ananenepa. Mawifi wanashinda chumba kimoja, hutajua nani alimwogopa nani. Na mimi nakaa pembeni, natazama, kwa sababu sina kazi nyingine na kwa sababu siwezi kuacha.

Mtoto vidole gumba vyake anavifumbata ndani ya ngumi. Mama yake anasema, tazameni anavyoshika, atakuwa na nguvu kama bibi yake. Mke wa mwanangu anatabasamu, anavifungua vile vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anafumua mshono bila kukata uzi. Akiviachia, vinarudi ndani. Anavifungua tena. Kazi hiyo anaifanya kutwa.

Juzi sufuria ilianguka sakafuni nyuma ya mtoto. Mimi niliruka. Binti yangu akanicheka mpaka akatokwa machozi, akasema mama umeruka kama panya. Mtoto hakupepesa. Nikainua macho, nikamwona mke wa mwanangu ananitazama. Kwa hiyo naye aliona. Wote wawili tukaokota sufuria ile, mtu huku na mtu huku, kama ilikuwa nzito.

Nilimfuata uwani. Nikamwambia, niambie.

"Sijui, mama."

Nikamwambia, wewe hujui kudanganya.

"Ndiyo maana nakwambia sijui. Angekuwepo daktari angejua."

Akanieleza jambo ambalo alikuwa hajawahi kunieleza. Watoto waliotoka kwenye taa, daktari alikuwa hawaachi. Alikuwa anawalaza chali, wako macho, bila mwanasesere, bila mtu wa kuwasemesha, anawapiga picha ya video kwa dakika chache tu. Kisha anakaa kuvitazama vile vijitikisiko vyao vidogo ambavyo wewe na mimi hatuvioni, na kwa hivyo anajua, mapema kuliko mtu yeyote, mtoto anakwenda wapi. Anawapima na masikio. Akiona dalili, mazoezi yanaanza hapo hapo, ubongo ungali laini. Bwana Mkubwa hakupata bahati hiyo, tulikaa tukingoja akae. Lakini kipindi cha kupiga picha ile ni kifupi. Kinaanza shingo ikianza kutulia, na mtoto akishaanza kujigeuza mwenyewe kimekwisha, picha haisomeki tena. Hapa kwetu hakuna mwingine aliyefundishwa kuisoma.

Mtoto wetu yuko ndani ya kipindi hicho sasa, wakati naandika.

Binti wa viatu vya kisigino ameniambia karatasi hizi zitapelekwa kwa wakubwa wanaoamua habari ya fungu, zikawaguse mioyo. Mimi sina haja na mioyo yenu. Nataka kufuli lile lifunguliwe. Mliniomba habari za mke wa mwanangu, nimewapa, na vidole vinaniuma. Sasa na nyinyi fanyeni yenu. Mrudisheni yule daktari na kamera yake na kile cha kupimia masikio. Kama chumba bado kinajadiliwa, aje hapa hapa nyumbani, nitamsafishia meza. Aje asubuhi, mtoto akishanyonya, ndipo anakuwa macho na mwenye raha. Asituandikie barua, asitutumie salamu. Na asikawie, maana leo nimemwona mtoto amelala chali, ameinua kiuno upande mmoja, amejaribu kugeuka, akarudi.